Maneno manne yaliyochelewesha tiba: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa jicho kwa mama mzee wa mwambao wa Ziwa Victoria

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, mkazi wa kijiji cha wavuvi mkoani Mwanza. Jina lake, kijiji chake, zahanati aliyopitia na hospitali iliyomtibu havitajwi, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili asitambulike hata na jirani yake. Hapa ataitwa Bibi, kama tulivyokuwa tukimwita kliniki. Mwandishi ni muuguzi wa macho katika timu iliyomhudumia, na ni timu hiyohiyo iliyomwona mara ya kwanza, miaka mitatu kabla ya jicho lake la kushoto kupofuka. Kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayoelezwa ni yetu wenyewe.

Usuli

Bibi ni mjane anayeishi na mwanawe wa pili, mvuvi wa dagaa, pamoja na mkamwana wake na wajukuu. Tangu ujana wake amekuwa akianika dagaa mwaloni, ufukoni mitumbwi inapofikia, akiwa ameinama juani, mbele yake kukiwa na maji yanayorudisha mng'ao usoni. Jua ni miongoni mwa mambo yanayochangia mtoto wa jicho, sawa na kisukari, uvutaji wa sigara, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe. Hata hivyo, kwa Bibi sababu kubwa ilikuwa umri. Hakuwa na kisukari na hakuwahi kuvuta sigara.

Lenzi ya jicho hukaa nyuma ya mboni na haina mshipa wowote wa damu. Imejengwa kwa maji na protini zilizopangwa kwa namna inayoruhusu nuru kupita, na protini za katikati yake, zilizowekwa mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake, hazibadilishwi tena maisha yote. Kadiri miaka inavyopita, protini hizo huanza kushikana na lenzi hupoteza ung'avu. Ukungu huo ulio ndani ya lenzi ndio mtoto wa jicho. Hauko juu ya jicho, haukui kama nyama, na hakuna tone la dawa wala maji ya mmea yanayoweza kuufuta.

Miaka mitatu ya kwanza

Dalili ya kwanza ilikuja kwa sura ya nafuu. Bibi, aliyekuwa akitumia miwani ya kusomea kwa miaka mingi, alijikuta siku moja anatunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, akawaita wajukuu waje waone. Ukungu unapoanzia katikati ya lenzi, lenzi huwa nzito na kukunja nuru zaidi, hivyo mtu huona vizuri vya karibu huku vya mbali vikififia. Nyumbani kwake hakuna aliyehangaika na vya mbali. Miwani ilifungwa ndani ya kitambaa ikawekwa sandukuni, na habari ikaenea kwamba macho ya Bibi yamerudi ujanani.

Mkamwana ndiye aliyegundua mwanzo kwamba mambo si hivyo. Alimwona Bibi akimimina chai huku kidole cha shahada kimening'inizwa ndani ya kikombe, akisubiri joto limguse ili ajue kimejaa. Alipouliza, aliambiwa kwamba ni mazoea tu. Baada ya wiki kadhaa timu yetu ilifika kijiji cha jirani kwa huduma ya mkoba, na mkamwana akampeleka.

Siku hiyo jicho la kulia lilisoma 6/36 na la kushoto 6/60. Maana yake ni kwamba kile ambacho mtu mwenye macho mazima hukisoma akiwa umbali wa mita 60, jicho la kushoto lilihitaji kukisogelea hadi mita 6. Kwa vipimo hivyo alistahili kupangiwa upasuaji. Hata hivyo, nafasi tulizokuwa nazo tulizigawa kwa wale waliokuwa hawaoni kabisa kwa macho yote mawili, na uamuzi huo, kwa hali ya siku ile, ninaukubali hata leo. Nisichokikubali ni maneno yaliyoandikwa kwenye kadi yake: "Mtoto wa jicho, macho yote, haujakomaa. Arudi." Haikuandikwa tarehe wala jina la mtu wa kumtafuta. Ukweli ulikuwa kwamba nafasi zimejaa, nasi tukaufunika kwa neno la kitabibu ambalo lilikuwa rahisi zaidi kulitamka mbele ya foleni.

Ushauri wa kusubiri mtoto wa jicho ukomae ulikuwa na mantiki zamani, wakati lenzi ilipotolewa nzima na mgonjwa kuvalishwa miwani minene kama kitako cha chupa. Kwa upasuaji wa sasa hauna msingi. Lenzi iliyokomaa kupita kiasi ni ngumu zaidi kuitoa, na baadhi huleta hatari ambayo Bibi alikuja kukutana nayo. Lakini familia ililipokea neno hilo kama mtu yeyote anayelima angelipokea. Muhogo ukiwa haujakomaa huungojea, na anayejua kwamba umekomaa ni mwenye shamba. Wakangoja jicho life giza kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyodhani kwamba daktari anataka.

Siku kumi na moja

Katika mwaka wa tatu, usiku mmoja, jicho la kushoto lilianza kuuma ghafla. Maumivu yalishika nusu ya kichwa, Bibi akatapika mara tatu kabla ya alfajiri. Siku ya pili alipelekwa zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi, presha ya damu ilikuwa 178/96, akapewa dawa ya maumivu na vidonge vya presha. Wakati wote huo upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umefunikwa kwa kanga, na hakuna aliyemwomba aifunue.

Kanga ile haikuwa ya baridi. Jicho lilikuwa jekundu, na katika Usukuma macho mekundu ya mama mzee yana historia ya kutisha. Kwa miongo mingi wazee, hasa wanawake, wametuhumiwa uchawi na wengine kuuawa kwa sababu ya wekundu wa macho, ambao mara nyingi ulitokana na moshi wa kuni na wa samadi waliopikia maisha yao yote. Bibi alikua akiyasikia hayo na aliwafahamu walioyapata. Alipomweleza mkamwana kwamba asiwaruhusu watu waingie ndani, mkamwana alielewa bila kufafanuliwa, akamwachia mgonjwa chumba cha nyuma na kuwaambia majirani kwamba Bibi ana homa.

Siku ya nne mkamwana alinunua matone dukani, yenye antibayotiki iliyochanganywa na steroidi. Maumivu hayakupungua. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo mwana alikuwa kambini kisiwani na hakurudi hadi mbalamwezi ilipowasimamisha wavuvi wote, nayo ilikuwa siku ya tisa. Yeye ndiye aliyemfunua mama yake kanga. Alipiga simu kwa mjumbe wa afya wa kijiji, aliyekuwa na namba yetu, na tukamwambia amlete siku hiyohiyo. Siku moja ilipotea kwa kutafuta barua ya mtendaji ya msamaha wa gharama za matibabu kwa mzee asiye na uwezo, na nyingine kwa kungoja usafiri. Hakuna aliyewaambia kwamba jicho lingetazamwa kwanza na barua ingefuata baadaye.

Uamuzi uliofanyika hospitalini

Alipofika, jicho la kushoto lilikuwa na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, iliyofifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, mboni iliyopanuka kiasi na isiyoitikia tochi, na nyuma yake weupe mtupu. Presha ya jicho ilikuwa 54, ilhali ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Mgonjwa hakuiona nuru ya tochi hata ilipoelekezwa moja kwa moja. Jicho la kulia lilikuwa na presha ya 16 na liliweza kuhesabu vidole kwa umbali wa mita mbili. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, kinachohesabu kuwa kipofu mtu ambaye jicho lake lililo bora haliifikii 3/60, Bibi aliingia hospitalini akiwa kipofu.

Kilichotokea kinaelezeka. Lenzi yenye mtoto wa jicho aliyekomaa huweza kunyonya maji na kuvimba. Ikivimba husukuma mbele sehemu ya rangi ya jicho na kuziba pembe ambamo maji ya ndani ya jicho hupitia kutoka. Maji huendelea kutengenezwa huku hayana pa kutokea, presha hupanda kwa saa chache, na mshipa wa fahamu wa jicho huanza kufa. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo. Baada ya siku kumi na moja hatukuwa na matumaini ya kuurudisha uoni wa jicho lile.

Baada ya kuhakikisha kwamba hana pumu, aliwekewa manitoli kwa mshipa, akapewa vidonge vya asetazolamaidi na matone ya timololi, zote dawa za kushusha presha ya jicho. Kesho yake presha ya jicho ilikuwa 30 na kutapika kumekoma. Hapo ndipo ulipozuka mjadala mrefu kuliko yote katika kisa hiki: tuanze na jicho lipi? Mmoja wetu alitaka tuanze na la kulia, akisema kwamba mgonjwa akirudi kijijini akiwa amefanyiwa upasuaji na haoni, hakuna mzee mwingine wa mwambao ule atakayekuja kwetu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini daktari bingwa alikataa kuligusa jicho pekee lenye matumaini wakati jicho jingine linawaka moto, na chanzo cha presha kilikuwa bado ndani. Iliamuliwa lenzi ya kushoto itolewe kwanza kwa ajili ya kuondoa maumivu tu, na jambo hilo lielezwe kwa mwana na kwa Bibi mwenyewe, kwa maneno mafupi, kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Aliambiwa: "Bibi, jicho hili tunaliondolea maumivu. La kuona ni lile jingine." Akajibu kwamba ameelewa, akaomba tumwambie hivyohivyo mkamwana wake asije akatoa habari tofauti.

Presha ilishuka hadi 14 na maumivu yakaisha. Jicho la kushoto halikuona tena.

Jicho la kulia

Upasuaji wa pili ulifanyika wiki nne baadaye. Alichomwa ganzi pembeni ya jicho, mkato wa takriban milimita 6 ukafanywa kwenye weupe wa jicho kwa namna inayojifunga bila nyuzi, lenzi yenye ukungu ikatolewa na lenzi bandia ya plastiki ikawekwa mahali pake. Kazi yenyewe haikufika nusu saa.

Kabla ya hapo Bibi alikuwa amegoma kwa siku nzima. Alikuwa amesikia wodini kwamba lenzi hutolewa kwa maiti. Hofu hiyo ilikuwa na asili yake, kwa kuwa konea ya kupandikizwa kweli hutoka kwa mtu aliyefariki, ila lenzi haitoki huko. Daktari alimsimulia jinsi Harold Ridley alivyoweka lenzi bandia ya kwanza mjini London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyokuwa vimeingia kwenye macho ya marubani wa vita havikuchochea uvimbe mkubwa. Mwana, mtu wa injini za mitumbwi na vipuri, aliikamata hoja kwa wepesi kuliko sisi: "Mama, ni spea." Bibi akakubali.

Siku iliyofuata, bandeji ilipotolewa, alisoma 6/18. Aliitazama kanga aliyojifunga kwa muda mrefu, akauliza nani amembadilishia. Lenzi ya uzeeni hugeuka njano hata kahawia na kuizuia rangi ya bluu, na kanga ambayo kwa miaka alidhani ni ya kijivu ilikuwa ya bluu ya kuiva. Aligundua pia kwamba alikuwa amevaa vipande vya doti mbili tofauti.

Baada ya kurudi nyumbani

Mambo mawili yalikwenda kombo. La kwanza ni malalamiko ya sindano. Lenzi bandia ya kawaida haibadili umbo, na ile iliyowekwa ilipimwa kwa ajili ya kuona mbali, kwa hiyo Bibi aliuona mtumbwi ukiwa bado mbali na mwalo lakini hakuweza kuchambua mawe kwenye mchele. Kwa maneno yake mwenyewe, tulikuwa tumempa ziwa na kumnyang'anya sindano. Hatukumwandaa kwa hilo, ingawa tulijua kwamba alikuwa akijivunia uoni wake wa karibu. Miwani ya kusomea ilimaliza tatizo, lakini kwa wiki sita kijiji kilikuwa kimesikia kwamba upasuaji umeharibu kitu.

La pili lilikuwa la hatari zaidi. Mjukuu wa miaka 12 alifundishwa wodini kutia matone, na alitia kwa uaminifu kuliko watu wazima wengi: mikono imeoshwa, kope la chini limevutwa, tone moja tu. Matone yalipokwisha, familia ilinunua mengine dukani ikaendelea, kwa sababu jicho linaona na dawa inaonekana inasaidia. Hayo yalikuwa ya steroidi, ambayo yakitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho. Wiki kadhaa baada ya tarehe tuliyokusudia yakome, presha ya jicho la kulia ilikuwa 28. Tuliyasimamisha, tukampa timololi kwa muda, na ikashuka hadi 15. Angechelewa miezi michache, huenda jicho la pili lingeondoka kimyakimya, bila maumivu wala wekundu wa kumwonya mtu. Uoni wake kwa miwani siku hiyo ulikuwa 6/9.

Uchambuzi

Umbali, umaskini na imani za watu ndizo sababu zinazotajwa kila mara wazee wanapochelewa kufika kliniki. Katika kisa hiki zote zilikuwapo, lakini hakuna hata moja iliyochukua muda mrefu kama maneno yalivyochukua. Barua na usafiri vilikula siku mbili. Neno "haujakomaa" lilikula miaka mitatu, na lilitoka kinywani mwetu. Tangu hapo tumeacha kulitumia. Nafasi zikijaa tunasema zimejaa, na kadi inaandikwa tarehe, namba ya simu, na sentensi moja ambayo familia huisoma kwa sauti mbele yetu: jicho likiuma ghafla, likiwa jekundu, na kichwa kuuma au kutapika, njooni siku hiyohiyo.

Neno la pili ni "presha". Tulipomwambia mwana kwamba mama yake ana presha ya jicho, alijibu kwa utulivu kwamba vidonge vya presha ameshapewa zahanati. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku presha ni ya damu, na mtu aliyekwisha pewa dawa yake haoni haraka ya kwenda kokote. Siku hizi tunasema maji ya jicho yamezibwa njia, na mvuvi anayejua mtumbwi uliojaa maji haombi maelezo zaidi.

Neno la tatu ni jina lenyewe la ugonjwa. Mwambao huu watu huita "mtoto wa jicho" karibu kila kitu: kinyama kinachotambaa kutoka pembeni kuelekea kwenye mboni, kovu jeupe la konea, na ukungu wa lenzi. Anayemjua jirani aliyekwanguliwa kinyama kikarudi ataamini kwamba na wake utarudi. Hatuwezi kulibadilisha jina, ila tunaweza kumwonyesha mgonjwa, kwa tochi na kioo kidogo, au kwa picha ya simu, weupe wake uko wapi.

La nne, "macho mekundu", sina jibu lake. Kumlaumu Bibi kwa kujificha ni kumlaumu kwa kuijua nchi yake. Tunachoweza kufanya ni kwa upande wa mtoa huduma: mzee anayekuja na maumivu ya kichwa na kutapika afunuliwe kanga, faraghani, na macho yote mawili yatazamwe. Vipimo viwili vingeweza kufanyika zahanati siku ya pili bila mashine yoyote. Tochi, hata ya simu, ikiwekwa usawa wa pembe ya nje ya jicho na kumulika kuelekea puani, huangaza sehemu yote ya rangi ikiwa jicho lina nafasi, lakini ikiwa lenzi imeisukuma mbele, upande wa puani hubaki na kivuli. Pili, mgonjwa akitazama chini, kope la juu huguswa taratibu kwa ncha za vidole viwili vya shahada. Jicho la kawaida hubonyea kama ncha ya pua, na lililojaa presha huwa gumu kama paji la uso. Kipimo hiki cha vidole hakifai kwa jicho lenye kidonda, lililoumia au lililotoka kufanyiwa upasuaji. Ugumu wa upande mmoja pekee, pamoja na mboni isiyoitikia tochi, ungetosha kumfanya mgonjwa asafirishwe siku hiyo.

Yaliyofaulu yasipuuzwe. Kuanza na jicho la kushoto kulimwondolea mgonjwa mateso na kulilinda la kulia, na kwa kuwa alielezwa mapema, Bibi ndiye aliyewajibu waliosema kwamba hospitali imemharibu. Mwana aliposema "spea" alifanya kazi ambayo vipeperushi vyetu havikuwahi kuifanya. Mjukuu alitunza jicho vizuri. Kosa lilikuwa letu la kumfundisha kuanza dawa bila kumfundisha siku ya kuacha. Sasa siku hiyo huandikwa kwa wino mwekundu kwenye boksi lenyewe la matone.

Hali ya sasa

Bibi amerudi mwaloni, akiwa na kofia pana na miwani miwili iliyofungwa shingoni kwa kamba moja. Utando ulioachwa nyuma ya lenzi bandia unaweza kufifia miaka ijayo na kuhitaji leza ya dakika chache, na kwa kuwa jicho ni moja, tumekubaliana na mkamwana kipimo cha nyumbani. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, Bibi husimama kwenye mlango wa jikoni na kusoma namba iliyopakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi uliofungwa kwenye mti uleule, akiwa amevaa miwani ya mbali. Mitumbwi hubadilishwa ili asikariri. Akikosa Jumapili mbili mfululizo, mkamwana hupiga simu bila kungoja ya tatu.